Kumfuatilia B. M., mkazi wa shamba la maskini: shajara ya mradi

Shajara hii inamfuata mwanamke mmoja aliyefia katika nyumba ya maskini ya kaunti moja magharibi mwa jimbo la New York, karne ya 19. Uzao wa binti yake ungali hai, kwa hiyo jina lake kamili na la kaunti tumeyasitiri. Humu anaitwa B. M. Hatua za kawaida tumezipitia mbio. Penye makosa tumekaa, maana ndiko wiki na dola zilikokwenda.

Kwa asiyejua: shamba la maskini lisikuletee picha ya shamba la mkonge. Ni jengo kubwa lenye mashamba pembeni, mali ya kaunti. Sheria ya New York ya 1824 iliagiza kaunti zijenge nyumba hizo, na asiyejiweza akapelekwa humo badala ya kusaidiwa kwake. Mwenye nguvu alilima viazi, alikamua ng'ombe, alifua. Mtunza nyumba aliishi humo humo na familia yake, na juu yake walikuwapo wasimamizi wa maskini wa kaunti, waliotoa hesabu kwa bodi ya madiwani kila mwaka. Utawala ni huo, na karatasi zimepangwa kwa kuufuata. Ukiuelewa unajua kila karatasi imelala wapi.

14 Januari 2023. Tulichonacho

Mstari mmoja. Sensa ya Marekani ya 1880, iliyohesabu watu kwa tarehe 1 Juni: B. M., mwanamke, miaka 62, mjane, kazaliwa Ireland, na kwenye safu ya uhusiano neno fukara. Basi.

Hata mstari huo haukupatikana kwa kuchapa jina kwenye kisanduku cha kutafutia. Jina lake la ukoo linaanza na Mc, na karani wa sensa aliipandisha ile c juu, ndogo, akaipigia kistari chini. Aliyeandaa faharasa akasoma W. Tulijaribu tahajia 11, hola. Kilichofaa ni njia ya kizamani: fungua picha za kata ilipojengwa nyumba ya maskini (huko kata huitwa mji hata ikiwa mashamba matupu), pitia ukurasa kwa ukurasa, tafuta kaya ambayo kazi ya mkuu wake ni kutunza nyumba hiyo. Ataandikwa yeye, mkewe, watoto, pengine kijakazi, kisha wakazi wote chini yao kurasa mbili tatu. Ilichukua dakika 40.

Sensa hiyo ya 1880 ina karatasi za pembeni ambazo wengi huzipita bila kujua: majedwali saba ya nyongeza ya wagonjwa wa akili, viziwi, vipofu, watoto wasio na makao, wafungwa na wengineo, likiwamo moja la mafukara walio katika taasisi. Hazimo ndani ya kurasa za kawaida. Ni mkusanyo unaojitegemea. Jedwali la mafukara linauliza makazi ya mtu akiwa kwao, nani anamlipia, aliingia lini, na kama ana ndugu humo humo. Hapo tukapata vitu viwili ambavyo mstari wa kwanza haukuwa navyo: kata alikotoka, ambayo iko upande wa pili wa kaunti, na mwezi wa kuingia, Novemba 1877. Bila kata ya nyumbani kazi yote inayofuata haifanyiki.

5 Februari 2023. Fomu ya mapokezi

Kuanzia 1875 Bodi ya Jimbo ya Misaada ilitaka kila anayepokelewa katika nyumba za maskini za New York ajaziwe fomu. Zimehifadhiwa Albany, mji mkuu wa jimbo, katika Hifadhi ya Nyaraka ya Jimbo, mfululizo A1978, na picha zake zimo kwenye tovuti ya ukoo ya Ancestry. Mkazi wa jimbo la New York huzisoma bure kupitia lango maalumu. Aliye kwingine atumie kompyuta ya maktaba ya umma yenye usajili. Gharama: sifuri.

Fomu ni ukurasa mmoja wenye maswali mengi kuliko sensa yoyote ya wakati ule. Umri, ndoa, mahali pa kuzaliwa, muda ndani ya Marekani na ndani ya jimbo, bandari aliyoshukia, elimu, kazi, kama baba na mama walikuwa walevi, sababu ya kuwa tegemezi, kazi anayoiweza na kwa kiasi gani. Karibu na mwisho lipo swali linalouliza hatima yake inaelekea kuwa ipi kuhusu kupona kutokana na sababu ya utegemezi. Kwa B. M. karani alijibu kwa maneno mawili: atabaki tegemezi. Wino wa maneno hayo ni mzito kuliko wa majibu mengine, kalamu ilikuwa imetoka kuchovywa.

Mengine: miaka 60, mjane, alishukia New York, miaka 28 nchini, anasoma lakini haandiki, mtumishi wa nyumbani, anaweza kufuma soksi na kumenya viazi. Sababu ya utegemezi: ulevi. Maoni: mume na wana wawili wamekufa, mmoja jeshini, binti yuko magharibi.

Kosa letu la kwanza liko hapa. Tuliliandika neno ulevi kwenye muhtasari kana kwamba ni habari iliyothibitishwa. Baadaye tukasoma fomu 30 zilizofuata za nyumba hiyo, mwandiko mmoja, na 17 kati yake zina neno hilo hilo, pamoja na ya bibi kipofu wa miaka 84. Fomu hii ilizaliwa na uchunguzi ambao katibu wa Bodi, Dk. Charles Hoyt, aliufanya mwaka 1874 na 1875 kwa wakazi 12,614, akitafuta sababu za ufukara ndani ya mtu mwenyewe na ukoo wake. Waliotunga maswali walikuwa wamekwisha kuamua jibu. Zipo kaunti ambazo mjazaji alikuwa mwangalifu. Ya kwetu haikuwa mojawapo.

Dawa yake ni kupanga lahajedwali kwa safu nne: dai, nani alilisema, angewezaje kulijua, na alifaidi nini kwa kulisema. Bandari na miaka nchini vilitoka kinywani mwake, tunaviamini kwa tahadhari. Ulevi ulitoka kwa karani. Umeshushwa daraja, haujafutwa.

11 Machi 2023. Wiki tano na mwanamke mwingine

Sensa ya 1870, kata jirani na ya nyumbani: jina lile lile, miaka 50, Ireland, mtumishi nyumbani kwa mkulima. Umri unalingana, kazi inalingana, umbali ni wa kutembea asubuhi moja. Tukamuunganisha. Tukaenda mbali zaidi: tukamtafuta mkulima, wosia wake, kanisa lake, hata mgogoro wa mpaka wa shamba lake. Wiki tano.

Kilichotuzindua ni kitu kidogo. Sensa ya jimbo ya 1875 inamtaja mtumishi yule kuwa hajaolewa, na B. M. miaka miwili baadaye ni mjane mwenye watoto watatu. Tukarudi 1880: mtumishi bado yuko jikoni kwa mkulima yule yule, siku ile ile ambayo B. M. anahesabiwa nyumba ya maskini. Mtu kuhesabiwa mara mbili kulitokea, kwa hiyo hilo peke yake halitoshi. Likiungana na ndoa, limetosha.

Njia rahisi ya kuliepuka ilikuwapo tangu mwanzo, nasi hatukuitumia: kabla ya kuwaunganisha watu wawili wenye jina moja, mfuate yule usiyemtaka mpaka afe. Ukishindwa kumuua kwenye karatasi, usiwaunganishe. Kwa majina ya Kiireland katika New York ya wakati ule hii ni lazima, maana majina ya ubatizo ni machache na koo zimesongamana kata kwa kata.

Kuhusu umri, usimkatae mtu kwa tofauti ya miaka mitano. Katika karatasi zote tulizonazo sasa, mwaka wa kuzaliwa wa B. M. unatoka kati ya 1812 na 1821, na ni yeye kila mara. Kadiri anavyozeeka ndivyo anavyoongezewa miaka.

1 Aprili 2023. Sensa za jimbo, 1855 na 1865

Watafiti wengi huruka kutoka sensa ya taifa moja hadi nyingine na kusahau kwamba New York ilijihesabu yenyewe katikati. Nakala nyingi za jimbo ziliungua katika moto wa 1911 uliokula maktaba ya jimbo ndani ya jengo la bunge Albany, lakini makarani wa kaunti walikuwa na nakala zao, na picha za nyingi zimo kwenye tovuti ya FamilySearch bila malipo.

Ya 1855 inauliza umeishi kata hii miaka mingapi. B. M. na mumewe, kibarua, wana miaka 5, na watoto watatu: wa kiume wawili, wa kike mmoja. Ya 1865 inauliza mwanamke amezaa watoto wangapi: watano. Wawili basi walikufa mapema, pengine kabla ya safari, na hakuna karatasi nyingine yoyote inayowataja. Nyuma ya sensa hiyo hiyo ya 1865 kuna jedwali la wanajeshi wa kata waliokufa wakiwa kazini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Mwanawe mkubwa yumo, alikufa kwa maradhi 1864.

Kutoka hapo tulipata daftari ambalo hatukulijua kabla ya mradi huu. Sheria ya 1865 iliwataka makarani wa kata waorodheshe wanaume wote wa kata yao waliokwenda vitani, na karani mwenye bidii aliandika majina ya wazazi wawili, la mama likiwa na ukoo wake wa kuzaliwa. Karani wa kata hii alikuwa mwenye bidii. Hivyo jina la B. M. kabla ya ndoa halikutoka kwenye karatasi yake hata moja. Limetoka kwa marehemu mwanawe.

22 Aprili 2023. Ombi la cheti cha kifo

Tumetuma ombi idara ya afya ya jimbo, dola 22, nakala ya utafiti wa ukoo, isiyo rasmi, ada inayofunika utafutaji wa miaka 1 hadi 3. Tumeomba 1881 hadi 1883, kwa kuwa gazeti la 1882 lina kihabari cha mistari miwili kuhusu mwanamke mzee wa ukoo ule aliyefia nyumba ya maskini.

Kwa anayetafuta magazetini: maneno "poor farm" (shamba la maskini) hayakutupa chochote. Watu wa kaunti walisema "County House" (nyumba ya kaunti), na magazeti yao vilevile. Mkusanyo wa magazeti ya kihistoria ya New York ni bure na unaruhusu kubana utafutaji kwa kaunti.

(Nyongeza ya Oktoba: ombi hili lilikuwa kosa. Soma mbele.)

17 Juni 2023. Faili la pensheni

Hapa ndipo pangekuwa mwanzo wa mradi.

Sheria ya pensheni ya 1862 ilimruhusu mama aliyekuwa akitunzwa na mwanawe mwanajeshi adai pensheni, kama mwana hakuacha mjane wala mtoto. Faharasa ya kadi, maikrofilamu T288, imepangwa kwa jina la mwanajeshi. Ukimtafuta mama kwa jina lake utakosa na kudhani hakudai. Kadi ya mwana inaonyesha mstari wa mama: nambari ya ombi ipo, nambari ya cheti hakuna. Maana yake ombi halikukubaliwa. Usikate tamaa hapo. Faili la ombi lililokataliwa nalo limehifadhiwa, na mara nyingi ndilo nene, kwa sababu mdai aliambiwa alete ushahidi tena na tena.

Kuagiza faili zima kwa posta toka Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Washington, ni dola 80 kwa kurasa 100 za kwanza. Tulimwomba mtu wa Washington anayejitolea. Kadi ya mtafiti ni bure, na kupiga picha kwa simu bila kuwasha taa yake ni bure. Kurasa 64, nusu siku. Mwambie anayekupigia apige mbele na nyuma ya kila karatasi, pamoja na bahasha na vijikaratasi vitupu. Picha za kwanza zilikuja bila migongo, na mihuri ya tarehe za kupokelewa iko migongoni. Ikabidi arudi.

Mama alitakiwa kuthibitisha kwamba mwana ndiye aliyemlisha. Kwa hiyo ndani ya faili kuna maisha ambayo sensa haiyajui. Yupo muuza duka wa kata, ameapa kwamba kabla ya vita kijana alikuwa akija Jumamosi jioni na ujira wake, ananunua gunia la unga, chai robo ratili, analipa na deni la baba yake la wiki iliyopita. Yupo daktari, ameapa kwamba mgongo wa mume uliumia kwenye kazi ya mfereji na mwaka mmoja hufanya kazi, mwaka mwingine hafanyi. Kiapo cha B. M. mwenyewe kinataja parokia na tarehe ya ndoa yao Ireland. Chini yake, katikati ya jina lililoandikwa na mkono wa karani, amekandamiza msalaba uliopasua karatasi.

Ombi lilikataliwa 1869: mume alikuwa hai mwana alipofariki, na ofisi ikaona alikuwa na uwezo wa kufanya kazi. Ule mwaka mmoja hufanya, mwaka mwingine hafanyi, ndio uliomkosesha.

Halafu kuna mrundo wa pili. Sheria ya 27 Juni 1890 ililegeza sharti: mzazi alitakiwa kuonyesha tu kwamba sasa hana njia ya kuishi ila kazi ya mikono yake. Mwaka huo huo B. M. akadai tena, akiwa miaka 13 ndani ya nyumba ya maskini. Mtunza nyumba ameandika barua kuunga mkono. Binti ameapa kutoka Michigan, kwa jina lake la ndoa, na jina hilo ndilo lililotufikisha kwa uzao. Karatasi ya mwisho ni ya wakala wa madai, Machi 1892, mistari mitatu: mdai alifariki mwezi Februari uliopita, tafadhali funga jalada.

Kuhusu ulevi: mashahidi saba waliapa, wawili wao wakiulizwa waziwazi tabia ya mdai. Wote wawili wamesema mwanamke wa kazi, hanywi. Mashahidi wa pensheni nao walikuwa na upande, walitaka jirani yao apate. Ila sasa kuna sauti mbili dhidi ya neno moja la karani, na kwenye muhtasari zimeandikwa pamoja.

14 Oktoba 2023. Majibu ya cheti

Barua ya jimbo imefika baada ya karibu miezi sita: hakuna kumbukumbu kwa miaka iliyotajwa. Dola 22 hazirudi, ni ada ya kutafuta, si ya kupata. Mwanamke wa gazeti la 1882 alikuwa mwingine kabisa, na tungemjua kama tungesubiri faili la pensheni wiki nane tu.

Tulifanya makosa matatu kwa mpigo. Tulikisia mwaka kutokana na chanzo kimoja. Tulitoa tahajia moja. Na tulikwenda jimboni kwanza, wakati usajili wa vifo wa jimbo ulianza 1880 lakini kwa miaka mingi makarani wengi hawakuwa wakipeleka kila kitu juu. Kitabu cha kata kinaweza kuwa na kifo ambacho Albany haikijui.

Ombi la pili tulilituma kwa msajili wa kata, tena ile ya nyumba ya maskini, si kata ya nyumbani. Mtu husajiliwa alipofia. Dola 22 nyingine. Tahajia tatu, mahali pa kifo "County House", miaka 1891 hadi 1892. Jibu lilikuja baada ya siku 24: 11 Februari 1892, miaka 80, mjane, Ireland, wazazi hawajulikani, uzee, mazishi katika ardhi ya County House. Wazazi hawajulikani, ilhali faili la Washington lina jina la baba yake.

Sensa ya jimbo ya 1892 ilihesabu kwa tarehe 16 Februari. Jina lake halimo kwenye orodha ya nyumba, na hilo linaafiki. Wasomaji wachukue sensa hii kwa uangalifu: haina uhusiano wa kaya, haina anwani, ina jina, jinsi, umri, rangi, nchi ya kuzaliwa, uraia na kazi tu. Lakini ya taifa ya 1890 karibu yote iliharibika katika moto wa 1921 kule Washington, kwa hiyo ndiyo iliyopo.

18 Novemba 2023. Vitabu vya madiwani

Kikao cha kila mwaka cha bodi ya madiwani kilichapishwa kama kitabu. Vingi vimo katika maktaba za mtandaoni HathiTrust na Archive.org, bure, vya kaunti yetu vina mapengo, na mapengo tuliyaziba kwa picha kutoka chumba cha mwanahistoria wa kaunti, dola 9 za nakala. Ndani yake kuna ripoti ya wasimamizi wa maskini: waliopokelewa, walioondoka, waliokufa, viazi na shayiri vilivyovunwa, gharama ya mtu kwa wiki. Muhimu zaidi ni bili zilizolipwa.

Bili ya mtengeneza majeneza wa kata kwa Februari 1892 ina majeneza mawili, la mtu mzima moja na la mtoto moja, yenye majina. Lile la mtu mzima ni lake, tahajia ya tatu.

Jeneza hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Sheria ya New York ya 1854 iliruhusu maiti zisizodaiwa na ndugu zipelekwe vyuo vya udaktari, na nyumba za maskini zilikuwa chanzo. Mtu anaweza kuandikwa amekufa, asiwe na kaburi popote. Kitabu cha kata kinasema alizikwa, bili inasema kaunti ililipa jeneza na kuchimba. Vyanzo viwili, waandishi wawili, pesa imetoka. Tumeridhika kwamba yuko ardhini.

13 Aprili 2024. Makaburini

Wakati wa kwenda ni baada ya theluji na kabla ya nyasi, wiki tatu hivi za Aprili. Jua la asubuhi likiwa chini, mashimo ya makaburi yaliyotitia yanatoa kivuli na safu zinaonekana. Saa sita mchana uwanja ule ule ni bapa. Tulichukua kamba ya mita 50, vijiti vya mianzi, daftari la miraba, na simu kwa picha. Ruhusa ya maandishi ilitoka kaunti. Usichome chuma ardhini kutafuta jeneza, hata ukiwa na ruhusa ya kuingia.

Vigingi vya zege vyenye nambari vinavyoonekana ni 118. Nambari ya juu kabisa ni 231. Daftari la mazishi halijapatikana, kwa hiyo tulijaribu kulijenga upya: tujumlishe vifo vya kila mwaka toka ripoti za madiwani mpaka Februari 1892, jumla iwe nambari yake. Hesabu ilitupa 304, kaburi ambalo halipo. Sababu ni rahisi ukishaiona. Ripoti inahesabu waliokufa, si waliozikwa hapo. Baadhi walichukuliwa na ndugu, wengine na parokia, na kwa sheria ya 1854 wengine walikwenda kwingine. Tukajaribu tena kwa kuhesabu majeneza yaliyolipwa. Ikaja 209, inayowezekana, ila bili za miaka minne hazipo.

Hapo tukaenda kutazama 209 na majirani zake. 207 iko kando ya 164. Vigingi vimehamishwa, inaonekana vilikusanywa wakati fulani ili mashine ya kukata nyasi ipite, kisha vikarudishwa kwa kukisia. Hata tungeipata nambari, kigingi chenye nambari hiyo hakisemi tena yuko wapi. Tumeandika: safu ya 9 hadi 11 kutoka ukuta wa mawe, na tumeacha hapo.

20 Aprili 2024. Hesabu na yaliyobaki

Idara ya afya ya jimbo dola 22, zilizopotea. Msajili wa kata 22. Nakala kwa mwanahistoria wa kaunti 9. Nauli ya aliyetusaidia Washington, safari mbili, 14. Petroli ya makaburini 31. Kamba na mianzi 12. Jumla dola 110, na saa kama 190 za watu wawili, wiki tano kati yake kwa mtumishi wa mkulima. Atakayefuata njia hii aanze na jedwali la mafukara la 1880, kisha fomu ya A1978, kisha faili la pensheni ikiwa kuna mwanajeshi popote katika familia, na aombe cheti mwisho. Ataokoa walau zile dola 22 zilizopotea.

Parokia ya Ireland tuliitafuta katika maikrofilamu za Maktaba ya Taifa ya Ireland, ambazo zimewekwa mtandaoni bure. Ndoa ipo, siku mbili baada ya tarehe aliyoapa, mashahidi wawili. Ubatizo wake upo mara tatu: mabinti watatu wa jina moja, parokia moja, ndani ya miaka sita. Mmoja ana baba mwenye jina lililo kwenye faili la Washington, lakini wa pili pia. Wote wawili tunawafuata sasa, kila mmoja mpaka afe.